Wa Nane kati ya Wanane

Jumatatu, 8 Septemba

Wa nane tena. Wa nane kati ya wanane!

Miaka ishirini na miwili nauza samaki kwenye ufuo huu, na kila asubuhi ni ileile. Mashua inafika. Mwenyekiti Wechuli anafungua daftari lake, anasoma majina ya wachuuzi kwa alfabeti, na kila anayeitwa anakwenda kuchagua samaki. Dorca. Ikhlas. Lorine. Nasir. Oluoch. Subira. Walter. Halafu Mwenyekiti anafunga daftari. Anafunga! Inabidi nikohoe ndipo akumbuke kuna mtu anaitwa Zadock.

Leo walishushwa ngege, yaani sato, tisini na mmoja. Nilipofika kwenye mashua walikuwa wamebaki sita. Mmoja hana mkia. Mwingine mdogo kiasi kwamba nilimwonea haya, naye nadhani alinionea haya mimi.

Ufuoni kwetu hakuna mwenye A, hakuna mwenye B, hakuna mwenye C. Kwa hiyo Dorca ni wa kwanza maisha yake yote, bila jasho, kwa sababu tu mama yake alipenda D. Na meza yake imepakana na yangu! Anajaza wakubwa, anaimba, anatoa nyongeza. Ukinunua watano anakutupia kadogo ka bure. Wateja wanapenda kutupiwa. Mimi sitoi nyongeza. Samaki si peremende. Nilitoka Pap Onditi na darasa la saba, beseni moja na ngege watatu, bila mjomba yeyote mjini. Mimi nani alinipa nyongeza?

Sasa msiba. Uzair, yule mwenye hoteli, kila Jumamosi huchukua kwangu ngege kumi. Leo kaja mwenyewe. Kaweka kiganja chake mezani kando ya samaki wangu mkubwa kuliko wote. Kiganja kikazidi. Akasema kwa upole (upole wake ndio unaouma) kwamba wageni wake wanakuja kula samaki, si kumtafuta kwenye sahani. Jumamosi ya tarehe ishirini nimpelekee kumi, kila mmoja urefu wa kiwiko hadi kifundo cha mkono. La sivyo oda inahamia meza ya jirani. Jirani alikuwa anapara magamba. Wimbo ukapanda sauti.

Halafu muujiza! Mwenyekiti katangaza kwamba mradi fulani umeipa kamati ya ufuo tableti. Daftari linastaafu. Anatafutwa karani wa orodha. Sharti moja: asome kozi ya bure ya kuandika programu za kompyuta, alasiri, kwenye ukumbi nyuma ya soko. Atakayefanya vizuri zaidi kwenye mtihani ndiye karani.

Mwenye orodha ndiye mwenye foleni! Niliinua mkono kabla Mwenyekiti hajafunga mdomo. Dorca naye kainua wake. Nikamuuliza yeye aliye wa kwanza anatafuta nini huko. Akasema anataka kuniona nikiwa wa mwisho kwenye jambo jipya.

Jumanne, 9 Septemba

Mwalimu ni binti anaitwa Amirah, wa hapa Kaloleni, rika la kifungua mimba wangu. Kiswahili chake kimepigwa pasi. Ananiita Mzee Zadock. Nina miaka arobaini na tisa!

Aliita majina. Kwa alfabeti. Sitaki kulizungumzia.

Wanafunzi kumi, kompyuta tisa. Piga hesabu wewe. Wa kumi anakaa na mtu. Nilikaa na Dorca. Kiti kimoja na nusu, nusu yangu.

Amirah kaeleza kwamba neno lolote, kwa kompyuta, ni herufi zilizopangwa mfululizo, na kila herufi ina namba yake. Akaandika jina langu ubaoni kuwa mfano. Hapo nilifurahi. Akaweka namba chini. Z, sifuri. A, moja. D, mbili.

Nikasimama. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba nahesabu samaki tangu yeye hajazaliwa na sijawahi kumwona samaki wa sifuri. Akasema kompyuta ndivyo inavyohesabu, inaanzia sifuri. Nikasema basi irudishwe shule. Tulikwenda hivyo dakika ishirini. Wengine walianza kupiga miayo. Mwishowe Dorca akapaza sauti, akiniita kwa kijiji changu: "Ja-Pap, kaa chini! Hiyo sifuri ni nyongeza. Iko kwa fungu lakini huihesabu!" Darasa zima likasema aaa. Hata mwalimu kasema aaa. Anamsifu Dorca kwa jambo ambalo mimi ndiye niliyelifungua kwa kuuliza!

Zoezi la kwanza: andika programu itoe herufi za jina lako zote, kutoka namba ya mwanzo hadi ya mwisho. Sifuri niliikataa. Ni msimamo. Mtu asiyetoa nyongeza mezani hawezi kuitoa kwenye kompyuta. Nikaanzia moja. Skrini ikaandika:

adock

Dorca alicheka mpaka kiti chetu kikalia. Kasema haki imetendeka, mimi nanyima watu nyongeza na kompyuta imeninyima yangu. Kuanzia hapo ni Adock tu. Adock, shikilia mlango. Adock, umesahau kofia. Adock, salimia mama watoto.

Jumatano, 10 Septemba

Umeme umepotea mji mzima. Hakuna darasa.

Ufuoni: wa nane. Walter kanipa pole. Walter! Mtu wa saba ananipa mimi pole!

Alhamisi, 11 Septemba

Amirah katupa swali la mtihani mapema ili tujiandae. Mtihani ni Jumatatu na Mwenyekiti Wechuli atakuwepo. Swali: andika programu inayopokea neno na kulitoa limegeuzwa nyuma mbele. Kasema ni swali la watoto wa kuanza, kila mtu duniani anayejifunza hupitia hapo.

Nilimaliza kwa dakika moja. Nikaandika: toa kcodaz. Ikatoa kcodaz. Nikaegemea nyuma, nikakunja mikono. Amirah akaja, akatazama, akauliza je, akija Ikhlas na jina lake? Nikasema Ikhlas aje na programu yake.

Kumbe hairuhusiwi. Programu lazima ijue kugeuza jina la mtu yeyote, hata mtu ambaye sijawahi kumwona. Nikauliza kwa nini nimfanyie kazi mtu ambaye sijawahi kumwona.

Saa mbili nzima nikahangaika. Dorca kaandika kitu kifupi, kakifunika kwa kiganja, kaanza kusuka ukili wa mkeka. Darasani!

Ijumaa, 12 Septemba

NIMEPATA!

Niandike taratibu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mteja mmoja kasimama mezani kwangu. Ngege wangu nilikuwa nimewatunga kwenye ukambaa wa mafunjo, tundu la shavuni hadi mdomoni, kama siku zote, watano wakining'inia. Yeye kamtaka yule wa chini kabisa, karibu na fundo. Wa chini hatoki mpaka waliomkalia watoke. Nikachukua ukambaa wa pili, mtupu. Nikamtoa wa juu, nikamtunga kule. Akaenda chini kwenye fundo. Nikamtoa aliyefuata, akamkalia. Mmoja mmoja. Nilipomaliza nikatazama: aliyekuwa wa chini yuko juu, aliyekuwa juu yuko chini. Fungu zima limegeuka!

Nikapiga kelele. Walter kaja mbio na panga akidhani ni kenge. Mteja kaondoka bila samaki. Aende! Nimegeuza neno!

Herufi ni samaki. Chukua ukambaa mtupu. Toa herufi moja, itunge. Toa inayofuata, iweke juu yake. Rudia mpaka ukambaa wa kwanza uishe. Nikaandika programu nzima kwenye gazeti la kufungia. Mistari kumi na moja. Celestine, mke wangu, alibaki kidogo tu afungie mtu omena kwa hilo gazeti. Nimeliweka ndani ya shati.

Nikamweleza mpango wote: nikiwa karani nitageuza majina, orodha itageuka, Z itakuwa mbele, oda ya Uzair imepona. Alisikiliza mpaka mwisho, sifa kwake. Halafu akauliza, sasa Baba Brandon, kwa nini msipokezane tu? Wa kwanza wa leo awe wa mwisho kesho, mzunguke. Nikamwambia hiyo si teknolojia.

Jumatatu, 15 Septemba

Ushindi! Ushindi! Ushindi!

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti kavaa koti. Amirah kaita majina, nami kwa mara ya kwanza nikafurahi kuwa wa mwisho, maana niliwaona wote wakianguka. Mmoja programu yake ilitoa neno lilelile bila kugeuka. Mwingine ilirudia herufi moja mpaka ikabidi wachomoe waya.

Dorca, sahihi.

Mimi, sahihi! Nilichapa kutoka kwenye gazeti, neno kwa neno, lina harufu ya omena lakini halina kosa. Wakaingiza Wechuli, ikatoa iluhcew. Mwenyekiti kasimama. Nadhani hakuwahi kujiona kutoka nyuma.

Sasa wawili tumefaulu na karani ni mmoja. Mwenyekiti akaomba aonyeshwe kazi zenyewe. Akahesabu kwa kidole. Zadock: mistari kumi na moja. Dorca: mstari mmoja. Mmoja tu! Kumbe kompyuta ina njia ya mkato na huyo mwanamke ameikuta. Amirah kaanza kueleza kwamba kwa kweli mstari mmoja ndio… Mwenyekiti akainua mkono. Kasema yeye si mtaalamu, lakini macho anayo, na ni wazi nani amefanya kazi zaidi. Kumi na moja kwa moja!

Makofi. Nikapewa tableti mbele ya watu. Nilimtazama Dorca nione kama analia. Alikuwa anafunga mkeka wake. Kasema hongera Adock, na kwamba yeye hana shida, tableti haikaangiki.

Wakati wa kutoka Amirah kanishika mkono, kasema nisikilize, Mzee, leo umegeuza neno, hujageuza orodha, hivyo ni vitu viwili. Nilikuwa nahesabu tena ile mistari. Kumi na moja kamili.

Jumanne, 16 Septemba

Siku ya kwanza ya Karani Zadock. Nilivaa shati la harusi.

Tableti ina tabia moja: ukiingiza majina inayapanga yenyewe, A hadi Z. Mradi umefunga hapo, haiguswi. Lakini majina yenyewe yanaguswa! Jana jioni niliyapitisha yote kwenye programu yangu, yakageuka, nikayaingiza. Sikutazama matokeo. Nilitaka nishangilie pamoja na watu.

Mashua ikafika. Mwenyekiti akasoma kama mtu anayetafuna mfupa.

"Acrod!"

Watu wakatazamana. Mwenyekiti akaita tena, Acrod, kama hayupo aandikwe hayupo. Dorca akachezesha vidole hewani kidogo, akasoma kutoka kulia. Halafu akacheka, akachukua beseni. Ni yeye! Jina lake linaishia kwa A! Ukiligeuza, A iko mbele! Mwanamke huyu ni wa kwanza mbele na nyuma!

Wa pili Aribus, yaani Subira. Wa tatu Enirol, huyo Lorine. Wa nne Hcoulo. Oluoch hakujitambua, ikabidi asukumwe. Wa tano Kcodaz.

Mimi!

Kutoka wa nane hadi wa tano. Hatua tatu kwa siku moja! Kwa mwendo huo kesho ni wa pili, na keshokutwa namtangulia mwenye mashua. Ngege wangu mkubwa leo alifika nusu ya mkono. Nusu! Wiki iliyopita alikuwa kiganja.

Wapo wasioona maendeleo. Ikhlas alikuwa wa pili enzi za daftari, sasa ni wa nane. Kanijia juu, kauliza huyo Salhki ni nani na kwa nini anakula samaki wake. Nikamwambia Salhki ni yeye. Kasema mwambie Salhki asinisalimie tena.

Jumatano, 17 Septemba

Wa tano tena. Sielewi. Nilitarajia wa pili.

Amirah kaja ufuoni na kikapu, mwalimu kufika kwetu ni heshima. Kanunua kwa Dorca. Kapewa nyongeza, kacheka kama mtoto. Halafu kaja kwangu na wazo. Kasema anaweza kunionyesha programu ndogo: kila asubuhi jina la kwanza linahamishiwa mwisho, orodha inazunguka, ndani ya siku nane kila mtu atakuwa wa kwanza mara moja. Ni mstari mmoja tu, Mzee.

Mstari mmoja! Baada ya kumi na moja! Nikamshukuru. Nikamwambia pia, kwa hesabu zangu, mara moja kwa siku nane ni Jumamosi chache sana za Uzair. Na Celestine kapata wapi nafasi ya kumwambia wazo lake? Kasema hamjui Celestine. Wanawake!

Nikarudi mezani nimenuna. Siku tatu zimebaki. Dorca kwenye meza yake akapaza sauti, Adock, sogeza beseni, maji yanamwagika kwangu. Sikujibu. Akarudia. Adock! Wewe Adock!

Nikaganda.

A-dock.

A!

Nikachukua kipande cha mkaa, nikaandika kwenye ubao wa kukatia samaki. Ukimnyima kila mtu herufi yake ya sifuri, ukamnyima nyongeza yake, Zadock anabaki Adock. Walter ni Alter. Nasir ni Asir. Ikhlas ni Khlas. Na Dorca? Dorca ni Orca! O! Kutoka wa kwanza mpaka wa sita! Nikapanga mara tatu. Mara zote tatu wa kwanza ni mimi.

Amenipa mwenyewe! Wiki nzima amekuwa akinitangazia dawa kwa sauti, mbele ya watu, bure!

Nikamsogezea beseni. Nikamwambia asante. Kanitazama vibaya.

Alhamisi, 18 Septemba

"Adock!" akaita Mwenyekiti.

Nilichelewa kidogo makusudi. Nilitaka aite mara mbili. Akaita mara mbili.

Nikatembea. Hatua kumi na saba kutoka kivulini hadi kwenye mashua, sijawahi kuzihesabu zikiwa hazina mtu mbele. Ngege themanini na wanne, wote wazima, wote wakinitazama mimi! Nikachagua kwa mkono. Kwa mkono kweli, kiwiko hadi kifundo. Nikapata kumi na wawili. Dorca wa sita, Subira wa nane. Nilimpa Subira pole. Inapendeza sana kutoa pole.

Kuna manung'uniko. Oluoch kasema marehemu babake hakumwita Luoch. Nimemweleza kwamba ni mfumo. Kauliza mfumo gani unaokula jina la mtu. Nimesema wa kidijitali.

Jumamosi, 20 Septemba

Niliwatunga wote kumi kwenye ukambaa mmoja, nikaubeba begani mpaka hotelini. Watu wa soko la Oile walinipisha njia. Uzair kaweka mkono wake mezani, kiwiko hadi kifundo, kando ya samaki wa kwanza. Samaki akazidi. Wa pili, akazidi. Alipima wote kumi, kisha akashusha mkono wa shati na kunipa huo mkono.

Kasema oda ni yangu. Nikauliza hadi lini. Kasema mradi wawe hivi kila Jumamosi, yeye hana neno na mtu. Kisha kaniuliza nimefanyaje. Nikasema sayansi.

Celestine kapika kuku. Kuku! Nyumba ya samaki! Nimekula mapaja yote mawili. Brandon kapiga simu kutoka Maseno, chuoni, nikamwambia babake sasa ni mtu wa kompyuta. Kauliza natumia lugha gani. Nikasema Kiswahili, kwani wewe unatumia gani?

Leo ni siku bora kuliko zote tangu lile beseni.

Jumatatu, 22 Septemba

Mchuuzi mpya kaja. Kutoka upande wa Busia. Mpole, mnyenyekevu, kasalimia kila mtu, kaniita Mzee Karani. Nikampenda. Nikafungua tableti kwa roho safi, nikamuuliza jina.

Wabwire.

Nikaliingiza. Programu ikala ile W. Tableti ikapanga.

"Abwire!" akaita Mwenyekiti.

Siku nne! Nimekuwa wa kwanza siku nne, na B inakuja kabla ya D! Huyu mtu hajasoma kozi, hajui hata sifuri ni nini, kaingia saa kumi na mbili na nusu na saa moja ni wa kwanza! Kaniuliza hata, kwa adabu, kama ni kweli aende yeye. Dorca kamwambia nenda mwanangu, huo ni mfumo.

Wa pili si vibaya. Lakini huyo Wabwire ana jicho. Kachukua wakubwa tisa. Na Jumamosi inakuja.

Hesabu ya mchana. Nikiondoa herufi mbili: mimi Dock, yeye Bwire. Bado ananipita. Nikiondoa tatu: mimi Ock, yeye Wire. O kabla ya W! Namfunga! Na ni kubadilisha namba moja tu kwenye programu. Ilikuwa moja, iwe tatu. Dakika nzima haikwisha. Nimelinganisha mara mbili, Ock na Wire, Ock na Wire. Wengine sikuwapima, wamekwisha kushindwa wiki iliyopita.

Jumanne, 23 Septemba

"Ca!" akaita Mwenyekiti.

Watu tisa, hakuna aliyeinua beseni. Hata mimi sikujua. Mwenyekiti kauliza Ca ni mtu au ni kikohozi. Walter, ambaye sasa ni Ter, akahesabu kwa vidole, akamnyooshea Dorca.

Dorca! Ukimwondolea tatu anaanzia C, na hakuna mwenye A, hakuna mwenye B! Kacheka mpaka kashika mashua asianguke. Wabwire wa mwisho, wa tisa, sawasawa na mpango, mpango ulifanya kazi! Ila mimi nilikuwa wa saba. Ngege watatu. Kiganja.

Alasiri kukawa na kikao. Waliketi kwenye mitumbwi iliyopinduliwa, wote, hata Mwenyekiti. Ikhlas kaongea kwanza. Kasema ndani ya wiki mbili amekuwa Ikhlas, Salhki, Khlas na Las, na kesho hajui kama atabaki na kitu. Oluoch kasema yeye anataka jina lake lote, alipewa likiwa zima. Dorca kasimama. Nilijua atataka daftari lirudi, awe wa kwanza milele. Hapana! Kasema wazunguke. Wa kwanza wa leo awe wa mwisho kesho. Kasema yeye miaka yote hii amekuwa wa kwanza na ndiyo maana anatoa nyongeza, anaona haya.

Anaona haya! Mimi nilidhani ni ujanja.

Wakapiga kura kwa mikono. Kuzunguka, wanane. Kutozunguka, mmoja. Nane tena! Hiyo namba ina kitu na mimi.

Nikaomba kusema. Nikawakumbusha mistari kumi na moja. Nikawakumbusha makofi. Nikaomba siku moja tu, kesho, nirekebishe mfumo. Mwenyekiti kakuna kidevu. Kasema sawa Karani, siku moja, kesho ikikataa tunazunguka na tableti anapewa Dorca. Dorca hata hakupinga. Kanitupia ngege mmoja mezani kwangu wakati wa kufunga, mkubwa, kiwiko hadi kifundo. Kasema ni nyongeza. Nimempelekea Celestine, tumemla. Alikuwa mtamu. Celestine anasema wazo la kuzunguka ni zuri, ameshangaa watu wamelipata wapi.

Hawaelewi. Wanakata tamaa kila mtu akiwa karibu kufika. Nimekaa na ule ubao wa kukatia samaki na mkaa, nimeipata. Safari hii nimempima Wabwire na nimempima Dorca, wote wawili, sirudii kosa.

Naondoa herufi nne. Wabwire anabaki Ire. Namwacha mbali. Mimi nabaki Ck. Na Dorca maskini anabaki A, basi. Herufi moja! Mimi ninazo mbili. Mbili kwa moja, na hesabu ndiyo kazi yangu. Shati la harusi nimelitundika tayari.